Intaneti moja, printa moja, nyumba nzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtandao wa nyumbani Uganda

Majibu haya ni ya nyumba ya kawaida, iwe Kampala, Bombo, Tororo au Arua: laptopu mbili tatu, simu za kila mtu, printa moja, na intaneti inayolipiwa kwa bando au kwa mwezi. Mwenye duka dogo la kuchapa na fotokopi atayaona yanamhusu pia, maana mtandao wake haupishani sana na wa nyumbani.

Mtandao wa nyumbani si ndiyo hiyo hiyo intaneti?

Sivyo, na ukishika tofauti hii nusu ya maswali ya chini yatajijibu yenyewe. Mtandao wa nyumbani ni kompyuta, simu na printa zilizoungana kwenye ruta moja, kifaa kinachozikutanisha, kwa waya au kwa Wi-Fi. Huo ni mali yako. Intaneti ni huduma unayoinunua kwa kampuni, nayo inaingia kwenye ruta hiyo kwa mlango mmoja tu. Ukituma kazi kwenye printa, au ukihamisha picha za harusi kutoka laptopu moja kwenda nyingine kupitia ruta, data haitoki nje ya nyumba na bando halipungui.

Bando likiisha, printa inaendelea. Mwaka 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, kuanzia jioni ya Januari 13 hadi tarehe 18. Kilichofungwa siku zile ni mlango wa nje. Wi-Fi ya ndani haikuguswa, na mwenye printa kwenye ruta yake aliweza kuchapa kama siku nyingine. Hata hivyo, mtu akiona alama ya "hakuna intaneti" kwenye simu huzima kila kitu na kwenda kulipia kuchapa dukani.

Ninunue nini?

Ruta yenye angalau matundu mawili ya waya, printa inayoingia kwenye mtandao yenyewe, na kitu cha kuilisha ruta umeme ukikatika. Swichi, kisanduku cha kuongeza matundu ya waya, ni ya mwenye vifaa vingi vya waya, wengine hawaihitaji. Kabla ya kutoa hela, waulize wa nyumbani kama kuna ruta ya zamani imelala kabatini. Mara nyingi ipo, na bado ina kazi.

Mifi, ruta ya laini, au faiba?

Mifi, kiruta kidogo cha laini ya simu, inamfaa mwanafunzi au mtu wa chumba kimoja, kwa kuwa ina betri na inaingia mfukoni. Kwa familia ina kasoro ambayo muuzaji haitaji: ukitoka nayo kwenda kazini, umeondoka na mtandao wa nyumba nzima, na printa inabaki haina pa kujishika. Tena mifi nyingi hupokea vifaa vichache, na nyingi hazina tundu la waya.

Ruta ya laini, ile inayokaa mezani na kuchomekwa umeme, ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi ambazo faiba (intaneti ya waya wa kioo) haijafika. Laini unayoiweka ndani lazima iwe imesajiliwa kwa jina lako. Usikubali ya fundi, kwa sababu siku akiitaka au ikifungwa hutakuwa na la kusema. Kabla ya kuchagua kampuni, pima kwa simu yenye laini ya kampuni hiyo, ukiwa nyumbani kwako, kati ya saa moja na saa nne usiku. Mtandao unaopaa saa tano asubuhi unaweza kutambaa jioni, watu wote wakisharudi.

Faiba ikifika mtaani kwako, chukua. Lakini usimuulize ajenti kama imefika. Muulize jirani anayeitumia.

Ruta niiweke wapi?

Ruta ya laini ina mabwana wawili: mnara wa simu ulio nje na watu walio ndani. Itafutie kwanza dirisha linaloelekea mnara, ukiangalia alama za mawimbi, kisha iinue juu ya kabati. Ukuta wa matofali ya kuchoma hupunguza Wi-Fi, zege lenye nondo hupunguza zaidi, na bati au mlango wa chuma huirudisha ilikotoka. Ndiyo maana chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma huwa hakipati kitu hata kikiwa hatua kumi kutoka sebuleni. Usiifiche nyuma ya televisheni wala juu ya friji.

Ruta nyingi hutoa Wi-Fi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz inafika mbali na kupenya ukuta, ila ni ya polepole na imejaa majirani. Ya 5 GHz ina kasi lakini inachoka mapema. Ukiwa kwenye mizigo, vyumba vya kupanga vilivyoshikana, na kila chumba kina ruta yake, ingia kwenye mipangilio uchague chaneli 1, 6 au 11 kwa 2.4 GHz, hizo tatu haziingiliani. Ukiweza, tumia 5 GHz kabisa.

Waya bado una maana siku hizi?

Una maana sana kwa vitu visivyohama: kompyuta ya mezani, televisheni, printa. Waya wa Cat 5e au Cat 6 unakwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi. Kwenye akedi (majengo ya maduka) za Kampala utauziwa aina mbili zinazofanana kwa sura: wa shaba tupu, na wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni ule wa pili. Ni rahisi, lakini hukatika ukikunjwa na husumbua ukiwa mrefu.

Ukikaza vichwa mwenyewe, mpangilio wa kawaida ni huu, ukishika kichwa huku ulimi wa plastiki ukitazama chini na nyaya zikiingia upande wako, kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Wanaopanga rangi "kwa kupendeza" huku na kule hupata waya unaofanya kazi leo na kusumbua kesho, kwa sababu nyaya hizo zimesokotwa jozi jozi kwa makusudi.

Jambo moja la kukataza: usipitishe waya wa shaba hewani kutoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya nyuma. Uganda, na hasa kandokando ya Ziwa Victoria, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Radi haihitaji kupiga waya wenyewe. Ikipiga karibu inatosha kuunguza ruta, swichi na kompyuta zote zilizoungana. Kati ya nyumba na nyumba tumia vifaa vya Wi-Fi vya kuelekezana, au kipande cha faiba.

Nimeongeza ruta ya pili, na sasa kompyuta za chumbani hazioni printa.

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa kuliko yote. Karibu kila mara sababu ni moja: waya umechomekwa kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, la ruta ya pili. Ukifanya hivyo, ruta ya pili inaanzisha mtandao wake. Walio sebuleni wana anwani za 192.168.1 na kadhalika, wa chumbani wana za 192.168.0. Intaneti wote wanaipata, kwa hiyo kila mtu anadhani kazi imekwisha vizuri, kumbe nyumba ina mitandao miwili na printa iko kwenye mmoja tu.

Dawa: kama ruta ya pili ina hali ya "Access Point", iwashe na umemaliza. Kama haina, ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani iliyo kwenye mtandao wa ile ya kwanza lakini isiyogongana nayo (tuseme 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1), zima DHCP, kisha hamisha waya kutoka WAN uuchomeke kwenye LAN, tundu la vifaa vya ndani. Basi. DHCP ni kazi ya kugawa anwani, na katika nyumba moja mgawaji awe mmoja. Jina na nenosiri la Wi-Fi vikifanana kwenye ruta zote mbili, simu itahama yenyewe ukitembea.

Anwani ya ruta yangu nitaijua vipi?

Tazama kibandiko chini yake. Nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari, si kwenye Google.

Nina simu tu, au modemu ndogo ya USB. Naweza kugawa intaneti?

Unaweza. Simu ina hotspoti. Inatosha kwa laptopu moja mbili, ila betri huchemka na kuzeeka haraka. Modemu ya USB ichomeke kwenye kompyuta yenye Windows, kisha washa hotspoti ya kompyuta hiyo. Utaona vifaa vingine vimepewa anwani zinazoanza na 192.168.137, nayo ni dalili njema. Kasoro yake ni kwamba kompyuta ikilala, nyumba nzima imelala.

Printa ipi inafaa kushirikiwa?

Yenye tundu la waya wa mtandao kwanza, ya Wi-Fi pili, ya USB peke yake mwisho. Printa iliyo kwenye ruta haimtegemei mtu: baba akisafiri na laptopu yake, watoto bado wanachapa kazi za shule.

Kuhusu wino, kwa familia inayochapa rangi kiasi, printa ya tangi la kujaza ni nafuu kwa muda mrefu na inakula umeme kidogo. Usiache wiki nyingi zipite bila kuchapa, vichwa vitakauka. Leza ya nyeusi na nyeupe inafaa kwa anayechapa maandishi mengi au anayechapa kwa nadra, kwa sababu tona, unga wake wa wino, haikauki. Ukinunua iliyotumika, uliza kama tona yake inajazwa hapa nchini, na uone karatasi kumi zikitoka mfululizo mbele yako.

Angalia pia masharti. Printa za HP zilizouzwa chini ya mpango wa HP+, nyingi zikiwa na herufi "e" mwishoni mwa jina la modeli, zinataka intaneti muda wote na wino halisi wa kampuni hiyo. Kwa nyumba ya bando, hapo utakuwa umenunua deni.

Printa yangu ni ya USB tu. Nifanyeje?

Iunganishe na kompyuta moja, ikiwezekana ya mezani, kisha uishirikishe. Kwenye Windows weka mtandao kuwa "Private", washa kushirikisha faili na printa, fungua sifa za printa na uipe jina fupi lisilo na nafasi, kama PRINTA1. Kwenye kompyuta nyingine utaikuta kwa kuandika mikwaju miwili ya kurudi nyuma, jina la kompyuta ile, mkwaju mmoja, na jina la printa. Akaunti ya kompyuta yenye printa iwe na nenosiri, vinginevyo Windows za sasa zitakukatalia. Maelekezo ya zamani yanayotaja "HomeGroup" yaache. Kitu hicho kiliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Ukikutana na kosa 0x0000011b, ujue limetokana na masasisho ya usalama ambayo Microsoft ilianza kuyatoa mwaka 2021 baada ya kasoro kubwa kugunduliwa kwenye mfumo wa kuchapa. Mafundi wengi hulitibu kwa kuzima kinga hiyo kwenye rejista ya Windows. Mimi siipendi njia hiyo. Sasisha kompyuta zote mbili, weka kwanza draiva (programu ya kuiendesha) ya printa kwenye kompyuta ya pili, halafu jaribu tena. Ikigoma, angalia kama ruta yako ina tundu la USB linalokubali printa. Baadhi zinalo, ila si kila printa itakubaliana nalo.

Printa ya Wi-Fi ilifanya kazi wiki moja, sasa inasema "offline".

Umeme ulikatika, ruta ikawaka upya na kuipa printa anwani nyingine, wakati kompyuta bado inaitafuta kwenye ya zamani. Kwenye ruta, sehemu ya DHCP, itengee printa anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.50. Kisha kwenye kompyuta ifute na uiongeze upya kwa anwani hiyo ya IP badala ya kuiacha iitafute yenyewe. Kazi ya dakika kumi, na tatizo halirudi.

Ukiwa unaiunganisha mara ya kwanza, kumbuka printa nyingi za nyumbani zinajua 2.4 GHz tu. Ruta iliyowekwa kwenye 5 GHz peke yake haitaonekana kwake kamwe.

Simu haioni printa, lakini laptopu inaiona.

Zima VPN kwanza, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali. VPN zilienea Uganda kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, zikazidi Facebook ilipofungwa Januari 2021, na watu wengi huziacha zikiwaka mchana na usiku. Baadhi hupeleka kila kitu nje, hata kazi inayokwenda kwenye printa iliyo mita mbili kutoka ulipo. Ukihitaji VPN daima, tafuta ndani yake chaguo la kuruhusu vifaa vya mtandao wa ndani.

Kama si VPN, angalia kama simu iko kwenye Wi-Fi ya wageni. Hiyo imetengenezwa makusudi isione vifaa vya nyumbani. Baada ya hapo, Android nyingi na iPhone huchapa bila programu ya ziada, ikiwa printa si ya kale sana.

Bando linaisha kabla ya siku zake. Kuna mtu anatuibia?

Huenda, ila mtuhumiwa wa kwanza ni Windows. Laptopu ikiwa kwenye Wi-Fi ya ruta haijui kwamba kuna bando nyuma yake, kwa hiyo inapakua masasisho ya gigabaiti kadhaa bila kuuliza. Kwenye kila laptopu fungua sifa za Wi-Fi hiyo na uwashe "Metered connection". Halafu kwenye masasisho ya Windows tafuta "Delivery Optimization" na uruhusu kupokea kutoka kwa vifaa vya mtandao wa ndani pekee: laptopu moja ikishapakua, nyingine zinaweza kuchukua sehemu kubwa kwake. Wachache wanaitumia nafasi hii, na kwa nchi ambayo data inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 hilo linanishangaza.

Mtuhumiwa wa pili ni video. Saa moja ya 1080p inaweza kumeza zaidi ya gigabaiti 1.5, ya 480p ni karibu nusu gigabaiti. Kwenye skrini ya simu mtoto hataona tofauti. Wezi wa kweli utawaona kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta.

Nenosiri liweje?

Refu, la maneno manne yasiyohusiana, si namba yako ya simu. Kwenye ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri), na ubadilishe pia nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe; wengi wanalisahau hili la pili, linabaki "admin". Wageni wape Wi-Fi ya wageni. Shemeji akija na simu tatu hutalazimika kubadilisha nenosiri la nyumba nzima akiondoka.

Umeme ukikatika au ukirudi kwa kishindo?

Ruta inatumia takriban wati 10, sawa na yuniti 7 hivi za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi mzima. KijiUPS (betri ya akiba) cha ruta kinatosha kuiweka hewani saa kadhaa. Hakikisha tu volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye ruta, 9 au 12. Kompyuta ya mezani ipe UPS yake.

Printa ya leza usiichomeke upande wa betri wa UPS wala kwenye inveta ndogo ya sola. Inapopasha joto la kugandisha tona hunyonya mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS hulia kisha hufa. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa umeme na pia waya wa mtandao au antena inayotoka nje. Swichi ya ukutani haitoshi.

Naweza kuwauzia wapangaji wenzangu intaneti?

Kuchangia bili na chumba cha pili ni mapatano yenu, ilimradi mkataba wa kampuni unaruhusu. Kuuza kama biashara kunaingia kwenye mamlaka ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kwa hiyo uliza leseni kabla ya kuchapa vocha. Pia laini ni ya jina lako. Litakalofanywa kupitia kwayo utaulizwa wewe kwanza.

Fundi anakaribia kumaliza. Nimdai nini?

Nenosiri la Wi-Fi na la ruta, yote mawili, yameandikwa kwenye karatasi. Anwani ya printa. Vibandiko kwenye nyaya. Mwambie azime ruta, aiwashe, kisha achape ukurasa kutoka kwenye kompyuta yako na kutoka kwenye simu yako, si ya kwake. Akisema nenosiri la ruta ni "siri ya kazi", usimmalizie hela yake mpaka alitoe, au abonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani na aanze upya ukiwa umekaa pembeni yake.